Nyangumi wa Watoto Kumi na Wawili

Ujumbe ulinikuta Ubena, nikichagua mchele kibarazani. Bi Mwanahawa wa Dunda, Bagamoyo, amefariki, amekwisha zikwa, hitma ni Jumapili. Aliyeniandikia ni mwalimu mwenzangu wa zamani, na mwishoni aliongeza neno moja: nenda. Niliendelea kuchagua mchele mpaka ukaisha, nikaupika, nikaula mkavu. Mwanamke yule aliniweka nyumbani kwake karibu mwaka mzima nilipokuwa na miaka ishirini na minne, akanilisha, akaniita mwanangu, nami kwa miaka thelathini na sita sikukanyaga tena kizingiti chake. Nilikuwa na jambo moja la kumwomba, nalo ni radhi, na kila mwaka nilijiambia nitakwenda mwakani. Sasa alikuwa chini ya mchanga. Nilikaa na sufuria tupu miguuni, mwanamke mzima na pensheni yangu, nikaona aibu mpaka masikio yakapata moto.

Nilikotoka hakuhusiki hapa. Inatosha kusema ni bara, mbali na maji ya chumvi, na kwamba nilifika Bagamoyo na cheti kipya cha ualimu, masanduku mawili, Biblia ya mama yangu, na imani kuwa mimi ndiye niliyekuja kuwafumbua watu macho. Mgeni njoo mwenyeji apone, walisema waliponipokea, nami nikaamini ndivyo ilivyo. Chumba nilichopewa kilikuwa cha pili kushoto ukiingia ukumbini, kina kitanda cha kamba, meza yenye mguu uliofungwa kwa waya, na dirisha dogo lililotazama uani. Ukuta uliokitenga na chumba cha Bi Mwanahawa haukufika darini. Ulikomea urefu wa mtu na nusu, na juu yake sauti zilipita zilivyotaka, hivyo nilijua nani ana jino bovu na nani hakupeleka mahari. Asubuhi nilipewa chai ya mchaichai na vitumbua alivyochoma Saada, binti yake Bi Mwanahawa, aliyekuwa amenizidi miaka mitatu hivi. Mchana tulikula wali wa nazi na samaki kwenye sinia moja, sisi wanne: Bi Mwanahawa, Saada, mimi, na Zuhura, mtoto wa pekee wa Saada, wa miaka kumi. Zuhura alikuwa darasani kwangu, na nyumbani aliniita Mwalimu vilevile, hata akiniomba nimpishe kwenye maji.

Nilipewa darasa la nne, watoto themanini na wawili, na hesabu kwao ilikuwa somo la kuchapwa. Ukiandika ubaoni alama ya kugawanya tu, unaona mabega yanapanda. Miezi sita ya kwanza nilifundisha kama nilivyofundishwa, na walishindwa kama nilivyotarajia, nikawaita wazembe. Kisha, katika ile miezi ya baridi, baadhi ya baba zao walirudi na habari ya nyangumi aliyepumua karibu na chombo chao, maji yakaruka juu kuliko mlingoti. Kesho yake hakuna aliyetaka kusoma. Mkubwa kiasi gani? Mmoja akasema kama ngalawa mbili, mwingine kama msikiti, wa tatu akaapa kwamba ukimlaza pale Dunda mkia unafika hospitali. Nilikumbuka kuwa stoo ya shule, chini ya majembe, kulikuwa na kitabu cha wanyama wa bahari kilicholiwa nusu na mchwa. Nilikaa nacho siku tatu na kamusi pembeni. Siku ya nne nilifuta ubao wote, nikachora nyangumi kutoka ukuta hadi ukuta.

Sijawahi kuwa mwalimu mzuri kama nilivyokuwa wiki zile, na nalisema hili kama mtu anayetaja deni la damu. Nyangumi wa pande zetu, yule mwenye mapezi marefu, hufikia tani kama thelathini. Gunia la mchele ni kilo mia. Magunia mangapi? Walipopata mia tatu, wakabishana ni nyumba ya nani ingeyaweka, wakakubaliana hakuna. Anaweza kukaa chini ya maji nusu saa bila kuvuta pumzi. Wewe je? Darasa zima lilibana pumzi nikitazama saa yangu ya mkononi, mashavu yamevimba, macho yamewatoka, mmojammoja anapasuka kwa kicheko, na aliyebaki wa mwisho akafika sekunde arobaini. Nusu saa ni sekunde elfu moja na mia nane. Gawanya kwa arobaini. Nyangumi anakushinda mara arobaini na tano, rudi kwenye dawati lako. Watoto waliokuwa wakijikojolea kwa kugawanya sasa waligawanya kwa ubishi, wapate kumshinda jirani. Mchana walinisubiri langoni wakitaka hesabu ya kwenda nayo nyumbani.

Siku ya maziwa ndiyo siku niliyomjua Zuhura. Niliwaambia mtoto wa nyangumi mkubwa kuliko wote hunyonya lita kama mia mbili kwa siku, na debe letu la maji ni lita ishirini. Madebe kumi, wakaitikia. Zuhura akanyoosha mkono. "Na mama yake anakula nini, Mwalimu?" Nikamweleza kilichoandikwa: nyangumi mama akija kuzaa kwenye maji ya joto hukaa miezi mitatu, minne, hali karibu chochote, na huku ananyonyesha. "Basi kafunga," akasema. Nikasema unaweza kusema hivyo. "Siku mia na ishirini?" Kama ni miezi minne, ndiyo. Akakunja uso. "Mbona anayenyonyesha karuhusiwa kula? Hakuna wa kumwambia?" Watoto wengine walicheka, yeye hakucheka. Mpaka wakati wa kutoka alikuwa amezidisha madebe kumi kwa siku mia na ishirini, akapata madebe elfu moja na mia mbili, na chini yake akaandika kwa mwandiko wake wa kuegemea: *yote haya bila futari*. Mchana ule nilimsikia juu ya ukuta Bi Mwanahawa akimlalamikia Saada: "Mwanao huyu kanihesabia nyanya kabla sijalitua kapu. Kaniambia nimepunjwa mbili." Saada akasema, "Si kweli?" "Kweli. Ndiyo maana nachukia." Nao wakacheka wote wawili, nami upande wangu wa ukuta nikatabasamu peke yangu kama mwizi.

Urefu ndio ulionimaliza. Nyangumi wetu nilimkadiria mita kumi na tano. Nilitaka wauone urefu huo chini kabisa, mchangani. Nilifunga kamba mafundo kumi na tano, tukaitandaza uwanjani. Kwanza walipima kwa pima, mikono wameitanua kama baba zao wanavyopima kamba za nyavu, na kwa kuwa kila mtu na mikono yake, mmoja akapata kumi na moja, mwingine kumi na tatu, wakataka kushikana mashati. Nikasema basi, tutampima kwa watoto wazima. Nilivunja ufito kwenye ua wa shule, nikaukata alama za sentimita. Mtoto mmoja mmoja alilala chali, amenyooka, mikono ubavuni, nikaweka ufito kutoka kisigino hadi utosini, nikaandika urefu wake, kisha anajipanga kwenye kamba, kichwa chake miguuni mwa mwenzake. Vichwa vyote nilivielekeza baharini, kwa kuwa nyangumi wetu alikuwa akirudi kwao. Watoto kumi na mmoja walijaza mita kumi na tatu na sentimita sabini na tatu. Zuhura, niliyekuwa nimempima mapema, alisimama kwenye ncha akihesabu kwa midomo. "Mwalimu, limebaki pengo la sentimita mia na ishirini na saba," akasema. "Hapo ni mimi." Akalala. Vidole vyake vya miguu viligusa fundo la mwisho, na darasa zima likapiga kelele iliyowatoa walimu wenzangu nje. Wanawake wawili waliokuwa wakipita na kuni walisimama. Mmoja alitua mzigo wake, akajifunika mdomo kwa kanga. Niliwapungia mkono.

Habari ilitangulia kufika nyumbani. Bi Mwanahawa alisubiri mpaka wali umepakuliwa. Aliniuliza, kwa upole kabisa, kama ni kweli nimewalaza watoto nikawapima kwa ufito. Nikasema ndiyo, Bibi, tena nyangumi mzima ametoka! "Na vichwa mmeelekeza wapi?" Baharini. Akaweka upawa chini. "Mwanangu, kwetu sisi mtu hulazwa akapimwa ufito siku moja tu. Anakuja mchimba kaburi, anachukua kipimo, anakwenda zake. Na kaburini analazwa hivyohivyo, kichwa mashariki, apate kuelekea kibla. Hukuambiwa, kwa hiyo si kosa lako. Ila usirudie, na hao uliowapima wasomewe dua." Hakuwa na hasira. Alikuwa amenifungulia mlango mpana wa kutokea, kilichobaki ni kusema samahani Bibi sikujua, na kuendelea kula. Nami nikacheka. Nilisema, "Bibi, kama kipimo kinaua, basi fundi cherehani amekwisha maliza mji." Saada aliinama kuficha tabasamu. Zuhura alicheka mpaka wali ukamtoka puani. Bi Mwanahawa alimtazama mjukuu wake, akanitazama mimi, akaendelea kumega samaki na kumwekea kila mtu upande wake.

Siku ya pili yake kombe lililetwa, aya zilizoandikwa kwa zafarani kwenye sahani nyeupe, zikaoshwa kwa maji ya waridi, mtoto anywe. Nilikuwa ukumbini nikisahihisha madaftari. Zuhura alishika bakuli, akanitazama. Nikainamia daftari. Lakini asubuhi ya siku hiyohiyo, tukienda shule, alikuwa ameniuliza kombe ni nini hasa, nami nikamjibu kuwa ni maji ya rangi, hayana madhara. Sasa akaliweka bakuli chini, akasema kwa sauti ileile ya kutoa jibu darasani, "Mwalimu kasema ni maji ya rangi." Bi Mwanahawa hakumlazimisha. Alilichukua bakuli kwa mikono miwili, akaenda kulimimina kwenye mizizi ya mkomamanga uani, mahali pasipokanyagwa, polepole, ili lisimwagike njiani. Nilimwona kupitia dirisha langu. Nilijiona nimeshinda, na nilijua papo hapo kuwa nimefanya jambo baya, na niliyaacha yote mawili yakae pamoja ndani yangu bila kuyagusa.

Najua malaria haitokani na ufito. Nimefundisha hilo maisha yangu yote, nikichora mbu ubaoni na miguu yake sita. Mvua za vuli zilianza, homa ikamshika Zuhura Alhamisi, Ijumaa akapelekwa hospitali, dawa akapewa, na Jumapili asubuhi alirudishwa nyumbani amefunikwa kanga ya bibi yake. Hapakuwa na uzembe wa mtu yeyote. Watoto wengine kumi na mmoja waliolala kwenye ule mstari waliishi, na wawili nimewahi kuwaona wakiwa na wajukuu. Hesabu hii nimeifanya mara nyingi kuliko hesabu yoyote nyingine, na haijapata kunisaidia. Mchana ule nyumba ilijaa wanawake. Nilisimama kwenye mlango wa chumba changu, sijui nikae na nani. Mzee mmoja kutoka kaburini akaja mpaka mlango wa uani, akaita kwa adabu, "Jamani, nipatieni kipimo cha mtoto." Mita moja na sentimita ishirini na saba. Nilikuwa nacho kinywani. Hakuna mtu mwingine katika nyumba ile aliyekijua, na mimi nilikijua kwa sababu mwenyewe alinipa kwa furaha. Shangazi mmoja aliingia na ufito, akatoka nao, mzee akaondoka. Mimi niliingia chumbani nikafunga mlango kwa komeo.

Kesho yake, siku ya pili ya matanga, nilimsikia Bi Mwanahawa juu ya ukuta. Sauti ilikuwa imekauka. "Mwalimu yuko wapi?" Chumbani, wakamjibu. "Hajala?" Hajala. Kisha: "Mwiteni. Nataka aje akae hapa mbele yangu, aseme." Aseme! Nililijua neno hilo maana yake, au nilidhani nalijua. Niliona wanawake ishirini wameketi mkekani wakinisubiri, na katikati yao bakuli la kombe. Niliweka nguo kwenye sanduku moja, la pili nikaliacha, nikapita mlango wa nyuma kati ya masufuria ya msiba, na mpishi mmoja akadhani nakwenda dukani, akaniagiza chumvi. Nikafika kwa rafiki yangu Ubena, nikaandika barua ya ugonjwa, baadaye barua ya uhamisho. Mwezi wa kwanza nilikuwa Fukayosi, darasa la nne jingine.

Fukayosi hakuna aliyesikia habari ya nyangumi kwangu. Niliwafundisha watoto wa wakulima jedwali la kuzidisha kwa kukariri, wamesimama wima, na aliyekosea alibaki amesimama. Nikawa mwalimu anayeogopwa, kisha mwalimu anayesifiwa na wakaguzi kwa nidhamu ya darasa. Baadhi yao walikuwa na akili za kuwaka moto. Niliziona na nikaziacha zizime, mwaka baada ya mwaka, kwa sababu kila nilipotaka kuinua chaki nichore kitu nilimwona yule mtoto akisema hapo ni mimi. Mara mbili salamu zilinifikia kwa mikono ya wauza samaki wakavu: Bi Mwanahawa anakusalimu, anasema njoo tu. Nilijibu namsalimu sana. Bagamoyo si mbali na Fukayosi, wala nauli haikunishinda. Nilikuwa mwoga, na uoga ukikaa sana hujivika vazi la shughuli nyingi.

Jumapili hiyo bodaboda ilinishusha Dunda hitma imekwisha na watu wanatawanyika. Nyumba imeezekwa bati jipya, ukumbi umepigwa marumaru. Saada alikuwa uani akisugua sufuria la pilau kwa majivu, mwanamke wa miaka sitini na kitu, mwili umekauka kama wa mama yake. Aliinua macho. Alinitambua kabla sijasema jina.

"Umekuja," akasema.

"Nimekuja, Dada Saada. Poleni sana kwa msiba."

"Tumeshapoa."

Alinisogezea kigoda kwa mguu. Nikakaa. Sikuwa na nguvu ya kuzunguka, nikamwambia yote kwa mkupuo: kicheko, maji ya rangi, mlango wa nyuma. Nikamwambia kuwa nilisikia nikiitwa nikahukumiwe, nikakimbia. Alisugua mpaka nikamaliza.

"Ukahukumiwe?" akasema. "Nani alisema?"

"Nilimsikia mama. Alisema nije niseme."

Saada aliacha kusugua. "Alitaka uje useme habari za mtoto. Siku ile kila mtu alikuwa anasema lake. Jirani kasema alivyokuwa akimtekea maji, shangazi kasema alivyokuwa akiiba sukari. Mama akasema, sisi hapa tunamjua kwa kutumwa na kufua. Akili yake anaijua Mwalimu. Mwiteni atuambie mwanetu alikuwa nani huko shule." Akapangusa paji la uso kwa kiwiko. "Tukakukuta hupo. Mama kakaa siku zote zilizobaki anatazama mlango wako. Na baadaye, akija mtu kutoka Fukayosi, anauliza, mnaye mwalimu pale? Mwambieni aje tu. Hakuwa na la kukugombeza. Ya kombe alilia siku moja, akamaliza. Alitaka kusikia."

Kisha nikamwambia. Nilimwambia habari za nyangumi mama asiyekula, madebe elfu moja na mia mbili, na swali la Zuhura, hakuna wa kumwambia? Nilimwambia kuwa katika miaka yangu yote ya kazi sikupata mtoto mwingine aliyekokotoa jibu sahihi kisha akamhurumia aliye ndani ya hesabu. Saada alisikiliza kinywa wazi, majivu yanamkaukia mikononi. Alipocheka, alicheka kidogo, machozi yakamfika kidevuni, akayaacha.

"Miaka thelathini na sita," akasema. "Angekufa anacheka, mama yangu."

Nikapiga magoti pale kwenye maji machafu ya sufuria. Nikamwomba aniwie radhi, yeye, na kwa niaba ya mama yake.

"Inuka, Mwalimu, utaloa." Alinishika kiwiko, akaninyanyua. "Mimi nimekuwia radhi siku nyingi. Sikuwa na nguvu ya kukaa nawe moyoni. Lakini ya mama siwezi kukupa mimi. Si yangu. Kaenda nayo."

Alinawa mikono, akaingia jikoni, akarudi na pilau iliyobaki ndani ya kikopo cha plastiki chenye mfuniko. Alinisindikiza ukumbini, tukapita mlango wa pili kushoto, ulikuwa umefungwa, hakuna kati yetu aliyeutazama. Kizingitini alinipa mkono, akaniambia nishike chakula vizuri kisimwagike kwenye pikipiki. Pwani mtu hatoki nyumbani kwa mtu bila kuambiwa karibu tena. Nilisimama kidogo nikingoja, naye akarudi ndani kumalizia sufuria lake.